Ukuta Mweusi wa Ngazija

Jumanne, 3 Oktoba 2023. Mitsamiouli

Ramani ya bahari niliyoazimwa ni kongwe, imechanika mikunjoni, lakini mistari ya kina bado inasomeka. Kwetu Unguja, hasa upande unaotazama bara, mistari hiyo imeachana. Chombo kinaweza kwenda mwendo mrefu na nanga bado ikafika chini. Hapa imebanana ufukweni hata wino umeshikana. Karthala una mita 2,361 kutoka usawa wa bahari hadi kileleni, na mteremko wake hausimami kwenye maji. Unaendelea kushuka kwa maelfu ya mita mpaka sakafu ya bahari. Ngazija ni sehemu ya juu tu ya mlima huo na wa mwenzake La Grille ulioko huku kaskazini.

Nimekuja kwa kazi. Vijana wa mji huu, wawili kati yao watoto wa mama zangu wadogo, wameanza kuwaongoza wageni wanaotaka kuzamia, na wanataka daftari la vituo: pa kushukia, kina, mkondo, msimu, siku gani za mwezi. Wameniomba mimi kwa sababu nimezamisha wageni Mnemba na Nungwi miaka mingi, na kwa sababu bibi yangu mzaa mama alitoka hapa. Nimekubali kwa sharti moja: kila kituo kiandikwe pamoja na habari ya jiwe lake. Orodha walizonazo sasa zimeandikwa na wapita njia. Zinataja mita na samaki, basi. Mtu anayezaliwa chini ya mlima huu na kuishi kwa kuwaonyesha watu mizizi yake anastahili kuelezwa kwa nini ukuta uko pale ulipo.

Jioni nimekwenda kuamkia wazee mtaani. "Kwezi," nikasema, wakaitikia, "Mbona." Wameuliza habari za Malindi ya Unguja kana kwamba ni mtaa wa pili.

Alhamisi, 5 Oktoba

Kusi linakaribia kwisha, na pwani ya magharibi imelala nyuma ya mlima, maji shwari. Tumeshuka kusini kidogo ya mji, kijana mmoja nami, tukiingia kwa miguu juu ya mawe meusi yanayokata mpaka mpira wa viatu.

Mita mbili za mwanzo sikuona kitu sawasawa. Maji yalikuwa yanatetemeka mbele ya miwani, kila umbo limevunjika kingo zake. Nikafuta miwani kwa kidole, haikusaidia. Kisha mkono ukapita kwenye ufa wa jiwe, na baridi ikanishika kiganja. Ni maji ya mvua. Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, ingawa mvua inayonyesha upande huu wa mlima ni nyingi mno. Lava changa ina matundu na nyufa; mvua inazama papo hapo, inapita chini ya mashamba na chini ya nyumba, na kutokea huku pwani, mahali pengine juu ya mstari wa kupwa, mahali pengine chini yake. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo yanapanda, na pale yanapochanganyika mwanga unapinda. Mzamiaji asiyejua atadhani macho yake yana hitilafu. Kijana amesema wageni wawili wiki iliyopita walitoka majini kwa sababu hiyo, na yeye hakuwa na la kuwaambia. Sasa analo.

Chini ya mita tano maji yakasafika ghafla, na jiwe likaonekana lote. Migongo ya lava inashuka sambamba, na kati ya mgongo na mgongo kuna mfereji wenye mchanga mweusi na mweupe, ule mweusi umesagika kutoka mlimani, ule mweupe kutoka kwenye matumbawe na makombe. Mita kumi na mbili, ukingo. Baada ya ukingo hakuna tena chini ya kutazama. Ukuta unashuka wima na rangi inageuka kutoka buluu kuwa kiza. Nimezamia kuta za Misali, Pemba, na nilidhani nazijua kuta. Zile zimejengwa na matumbawe tangu juu hadi chini. Huu ni mlima wenyewe, na matumbawe yamekuja juu yake jana.

Nimekaa muda mrefu mbele ya kipande kimoja cha ukuta, mita kumi na nane, kisichozidi upana wa mlango. Jiwe lenyewe lina vitundu vya mapovu ya gesi yaliyoganda ndani yake. Katika kitundu kimoja kulikuwa na tumbawe changa, upana wake haufiki ukucha wa kidole gumba, rangi ya kahawia hafifu, na mdomo wa kila kijidudu umeonekana nilipomulika tochi. Pembeni yake mwani mwekundu mgumu umeenea juu ya jiwe, ule ambao vibuu vya matumbawe huupenda kutua. Kisha sifongo la manjano, kisha jiwe tupu. Juu kidogo tumbawe bapa lenye upana wa meza limejitokeza nje kutafuta mwanga. Utoto na utu uzima vimekaa umbali wa hatua moja.

Mita ishirini na nne kuna pango, na nimeingia hadi pale mwanga wa mlango ulipoanza kupungua, si zaidi. Kuta zake ni mviringo na laini, dari ina vichonge vifupi vya jiwe lililodondoka likiwa moto. Ni njia ya lava. Mto wa lava huganda juu kwanza kama uji uliopoa, huku ndani ukiendelea kutiririka. Chanzo kikikauka, ndani panabaki handaki. Handaki la namna hii kwa kawaida halijifanyi majini. Yaelekea lilitengenezwa nchi kavu, na bahari ikalifuata: miaka kama 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa barafu, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120. Mahali nilipokuwa naelea huenda pamewahi kuwa mteremko wa hewa na jua. Ndani kulikuwa na mkunga mmoja mnene, kamba wenye pembe ndefu wamejipanga ufani, na samaki wadogo wekundu wenye macho makubwa ambao mchana hujificha.

Ijumaa, 6 Oktoba

Hakuna kuzamia leo. Baada ya sala mama mkubwa amenionyesha birika la nyumba, kubwa, limejengwa chini ya mdomo wa paa. Nyumba ni yake, kama ilivyo desturi ya Ngazija nyumba kuwa za wanawake, na birika ni sehemu ya heshima ya nyumba. Mwaka 2005 Karthala ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba. Haukumwaga lava juu ya miji; ulitoa majivu. Majivu yakaanguka juu ya mapaa na mvua ikayaingiza mabirikani.

"Mwanangu, tulikuwa na maji na hatuna maji," amesema.

Nimeyaandika haya katika daftari la vituo, ukurasa ule ule wa maji yanayotetemeka.

Jumapili, 8 Oktoba. Moroni

Mwezi umefikia robo ya mwisho juzi, maji mafu, mkondo dhaifu. Siku za Vailheu ni hizi.

Vailheu ni mwamba ulioko baharini wazi, yapata kilomita 20 magharibi ya kisiwa. Mlima wa chini ya maji ambao kilele chake kinakaribia uso wa bahari bila kutokeza. Tumetoka Moroni saa kumi na moja alfajiri, msikiti wa zamani wa bandarini ukiwa bado na taa. Nahodha hakutaka kuondoka baadaye, na sababu yake ni nzuri: anaupata mwamba kwa alama za nchi kavu, mgongo wa Karthala na vilima viwili vya chini ya Moroni, na ifikapo saa tatu mawingu yanafunika mlima. Vijana wana kifaa cha satelaiti. Amekitazama, akatikisa kichwa kukubali kwamba kimesema alichosema yeye.

Hapa hakuna ukuta wa kujishika kwa macho wakati wa kushuka. Ni buluu, halafu buluu, halafu mgongo wa matumbawe unajitokeza chini ya mapezi. Juu yake matumbawe ni manene, yamejengana kwa muda mrefu, na jiwe la volkano huwezi kuliona tena isipokuwa kwenye nyufa. Kundi la mizia limezunguka juu yetu bila haraka. Kolekole wamepita wakifukuza vibua, na jodari mmoja peke yake, mwepesi mno, amekata mbele yetu na kupotea.

Nilichowasisitizia vijana kwa Vailheu ni kupanda. Ukiachiliwa na mwamba, hakuna pwani ya kukurudisha. Mkondo utakuchukua kwenda Msumbiji. Boya la mzamiaji lipande kabla ya kusimama mita tano, kamba imekazwa, na dakika tatu zile zikae zote. Nahodha abaki juu ya mapovu, asivue. Mwenye mashua anayetaka kutupa ndoana huku watu wako chini asipewe kazi hiyo, hata akiwa ndugu. Nimeliandika hivyo hivyo.

Jumanne, 10 Oktoba. Mitsamiouli

Leo kazi ilikuwa maji ya mbele ya Galawa, na asubuhi nzima nilikuwa mzito.

Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 767 iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi, iliangukia hapa. Ilikuwa imetekwa na watu watatu waliotaka ipelekwe Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaambia mafuta hayatoshi, hawakumwamini. Mafuta yakaisha juu ya Komoro. Aliishusha baharini karibu na hoteli ya Le Galawa, mahali ambapo palikuwa na watu wa kuokoa. Bawa la kushoto likagusa maji kwanza na ndege ikavunjika. Walikuwa 175 ndani. 125 wakafa, watekaji wakiwemo, 50 wakapona. Mohamed Amin, mpigapicha wa Kenya ambaye kamera yake iliionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alikuwa miongoni mwa waliofariki. Waliokwenda kuokoa ni wavuvi na watu wa ufukweni hapa, pamoja na wageni wa hoteli, na kati ya wageni hao walikuwemo wazamiaji na madaktari.

Mama mkubwa alikuwa pwani siku ile. Amenihadithia kwa ufupi: wanawake walivua leso zao kuwafunika watu waliotolewa majini, walio hai na wasio hai, na baadaye hakuna aliyeuliza nguo yake.

Kuna jambo ambalo mzamiaji hawezi kulipita. Wengi walijaza hewa jaketi zao za kuokoa maisha wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, jaketi ziliwainua mpaka darini, na mtu aliyeshikiliwa juu na hewa hawezi kupiga mbizi kuufikia mlango ulio chini yake. Sisi tunavaa jaketi za hewa kila siku. Tunafundishwa kwamba hewa hiyo ni usalama, na ni usalama pale tu unapokuwa na njia wazi ya kwenda juu. Ndani ya pango la lava, chini ya dari, hewa nyingi katika jaketi ni kifungo. Nimewakusanya vijana na kuwaeleza haya palepale ufukweni, na kila mmoja amefanya zoezi la kutoka chini ya mwamba uliojitokeza akiwa ametoa hewa yote.

Kuzamia kwenyewe ni kwepesi: mita nane hadi kumi na tano, mchanga na vichwa vya matumbawe, chafi na kasa mmoja anayelisha. Kijana mmoja aliuliza kama ajali iandikwe kwenye daftari, maana wageni huogopa. Iandikwe. Mgeni anayeingia maji haya aingie akijua, na anayetaka kusoma Fatiha au kukaa kimya juu ya maji asiharakishwe.

Alhamisi, 12 Oktoba

Bangoi-Kouni. Ghuba ndogo wanayoiita Trou du Prophète imezungukwa na lava na mibuyu, na ni mahali pazuri pa wanaoanza: maji tulivu, kina kidogo, mlango mmoja wa kutokea. Zaidi ya hapo hapana mengi. Mashariki yake kuna Lac Salé, ziwa la chumvi lililoketi ndani ya shimo la mlipuko hatua chache kutoka baharini. Lava yenye moto ilikutana na maji chini ya ardhi, mvuke ukapasua nchi, pakabaki bakuli. Wageni huomba kuzamia humo. Nimewakataza vijana.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mwezi mwandamo. Usiku wa kiza wavuvi wa kamba ndefu wanatoka, na nimekaa na mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Ngalawa yake ni ndogo, mabawa mawili, mtu mmoja. Anashusha kamba yenye jiwe, jiwe linaachiwa likifika, na ndoana inabaki mita mia mbili na zaidi chini akitafuta nesa, samaki mwenye mafuta ambaye watu humtumia kwa dawa. Mara chache sana katika maisha yake ndoana ileile imeleta gombessa.

Dunia ya wataalamu ilidhani gombessa alitoweka zama za dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938 na Marjorie Courtenay-Latimer akamtambua kuwa si samaki wa kawaida. Profesa J.L.B. Smith akatafuta wa pili kwa miaka kumi na nne, akisambaza matangazo yenye zawadi ya pauni 100. Alipatikana Desemba 1952 huko Nzuwani, kwa mvuvi wa Domoni. Wavuvi wa Komoro hawakushangaa samaki, walishangaa bei. Walikuwa wakimjua, hawampendi kwa chakula, na magamba yake makavu na makali yalifaa kukwangulia mpira wa baiskeli kabla ya kubandika kiraka.

Kwa daftari letu lililo muhimu zaidi ni la mwaka 1987. Mjerumani Hans Fricke alishuka kwa nyambizi ndogo kando ya Ngazija, akawaona gombessa wakiwa hai kwao kwa mara ya kwanza. Yeye na wenzake wakaja kugundua kwamba mchana wamejikusanya ndani ya mapango, mara nyingine zaidi ya kumi katika pango moja bila kugombana, na usiku wanatoka kushuka mteremko kutafuta chakula. Mapango hayo yako mita kama 150 hadi 250, katika lava. Samaki huyu anahitaji maji ya baridi, mteremko mkali na paa la jiwe.  Ujana wa kisiwa hiki, huohuo ambao wageni wengine wanaulalamikia kwamba "hakuna bustani za matumbawe," ndio umempa nyumba.

Mzee ameniuliza kama naweza kufika huko. Siwezi. Mtungi wa hewa ya kawaida unakomea mita 40 kwa watu wa kazi yetu. Kwa kina hicho mtu anavuta hewa yenye mgandamizo mara tano ya ile ya juu, naitrojeni inalevya, na mbele zaidi oksijeni yenyewe inageuka sumu. Mzee amefikiri kidogo. "Basi mimi kamba yangu inafika kuliko wewe, mjukuu wangu."

Kwa heshima yake na ya gombessa, tumekubaliana sehemu anazotupia kamba zisiandikwe. Bara kwetu samaki huyu alianza kuingia nyavu za kina za wavuvi wa Tanga miaka ya 2000, na 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake huko. Hapa anayemlinda ni kina, na watu wanaonyamaza.

Jumatatu, 16 Oktoba

Bamvua. Maji yamekupwa mbali kuliko nilivyowahi kuona hapa, na lava yote ya ufukweni iko nje, wanawake na watoto wanapita na vijiti wakitafuta pweza. Mkondo pembeni ya rasi ya kaskazini unanguruma. Hakuna kituo cha kaskazini kitakachoandikwa kwamba kinazamiwa siku hizi.

Ugomvi kidogo na binamu yangu, na sijautaka uishe kwa upole. Ana wageni wawili Alhamisi: kuzamia mara mbili asubuhi, halafu jioni gari iwapandishe hadi mwanzo wa njia ya Karthala walale juu ili waone kreta alfajiri. Ameona ni mpango mzuri, kisiwa chote kwa siku moja. Nimemwambia utawaua.

Ukiwa chini, naitrojeni inaingia mwilini kwa sababu ya mgandamizo. Ukipanda taratibu inatoka kwa pumzi. Hesabu za kompyuta za mkononi kwa kawaida zinadhani ukitoka majini utabaki usawa wa bahari. Watu wanakumbuka kanuni ya ndege, kusubiri saa 18 au 24, na wanasahau kwamba mlima ni ndege ileile bila tiketi. Kileleni Karthala hewa ina kama robo tatu tu ya mgandamizo wa pwani. Mapovu yatafunguka kwenye maungo, kwenye uti wa mgongo, na huko juu hakuna gari, hakuna oksijeni, na chumba cha mgandamizo kiko ng'ambo ya bahari. Hata barabara ya kuvuka kisiwa kwenda Chomoni inapanda vya kutosha kwa mtu aliyetoka mita 35 kuwa na mashaka.

Amenyamaza, halafu akauliza, "Kaka, na wakianza na mlima, bahari baadaye?" Naam. Mlima kwanza, walale, bahari kesho yake. Ratiba imegeuzwa. Nataka kanuni hii iwe kwenye jalada la daftari, kwa herufi kubwa. Kwetu Unguja, kisiwa bapa, hata sikuwahi kulazimika kuifundisha.

Jumapili, 22 Oktoba. Nioumachoua, Mwali

Nimevuka kwa mashua kutoka Chindini. Maji mafu tena, lakini mlango wa bahari una mawimbi yake wenyewe.

Mwali ni kisiwa kikongwe kuliko Ngazija na mtu anaona bila kuambiwa. Milima imechakaa, mito inatiririka, udongo umetulia juu ya jiwe. Chini ya maji tofauti ni kubwa zaidi: mwamba wa matumbawe umepata wakati wa kutandaa, kuna bamba pana kati ya pwani na ukingo, na vijisiwa vya mbele ya mji vimezungukwa na matumbawe ya kila umbo. Hifadhi ya bahari ilianzishwa hapa 2001, ya kwanza nchini, kwa makubaliano na vijiji. Kisiwa kizima kikaingizwa mwaka 2020 katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za viumbe. Itsamia, mashariki, kasa wanapanda kutaga, na wanakijiji ndio wanaowalinda.

Tukiwa mita kumi na sita, kijana wa hapa alinishika mkono na kuonyesha sikio. Nyangumi. Msimu wao unakwisha, wengi wameanza kurudi kusini na watoto wao, lakini huyu alikuwa bado akiimba, mbali, nje ya upeo wetu. Sauti ya chini sana sikuisikia kwa masikio. Niliihisi kifuani, ndani ya hewa ya mapafu. Tuliacha kupiga mapezi tukasimama majini.

Sasa ngazi nzima imekamilika kichwani mwangu. Ngazija mdogo, mwamba mtupu na matumbawe yanayoanza. Mwali na Nzuwani katikati. Maore mkongwe: mlima umezama na kuchakaa mpaka unafika mita 660 tu, na matumbawe yaliyokuwa yakipanda huku mlima ukishuka yamebaki ukuta wa karibu kilomita 200 unaoizunguka lagoni. Charles Darwin aliieleza njia hiyo mwaka 1842: mwamba wa pwani, kisha ukuta wa mbali, kisha pete ya matumbawe isiyo na mlima ndani. Mtu anaweza kuisoma yote kwa visiwa vya jirani.

Ningependa sana kuzamia mlango wa Maore wanaouita Passe en S. Sitakwenda. Tangu 1995 Ufaransa, inayoitawala Maore, inadai viza kwa watu wa visiwa vingine, na idadi ya waliozama wakijaribu kuvuka kwa mashua ndogo inaumiza kuitaja. Mashua za namna ile niliyopanda asubuhi. Bahari ileile ya Nzuwani na Maore, kilomita zisizofika mia, imekuwa kaburi kwa watu waliokuwa wakienda kwa shangazi zao.

Na huko huko, Mei 2018, ardhi ilianza kutetemeka bila kukoma. Novemba mwaka ule mtikisiko wa ajabu, wa polepole, ulipita dunia nzima na kunaswa hadi na vyombo vya Kenya. Mei 2019 meli ya utafiti Marion Dufresne ikapata sababu: volkano mpya, yapata kilomita 50 mashariki ya Maore, imesimama mita 820 kutoka sakafu ya bahari iliyo mita 3,500 chini. Imeitwa Fani Maoré. Mkongwe wa ukoo ana mtoto mchanga pembeni. Kwa hiyo ngazi yangu si safi kama nilivyoichora, na nimeandika hivyo pembeni ya mchoro ili vijana wasiufundishe kama msahafu.

Jumatano, 25 Oktoba. Mitsamiouli

Daftari limefungwa kwa sasa. Litaandikwa Kingazija, na Kifaransa kwa ajili ya wageni. Jalada: kanuni ya mlima. Ukurasa wa kwanza: maji matamu. Vailheu kwa siku za maji mafu pekee na nahodha asiyevua. Galawa na historia yake. Lac Salé hapana.

Binamu yangu, yule wa ratiba, ameleta ukurasa wake mwenyewe asubuhi hii. Kituo sikukijua, kiko kusini ya Hahaya, na alionyeshwa na mvuvi wa pweza. Amekwenda, akapima, akarudi mara ya pili maji yalipojaa kuhakikisha. Ameandika kwa penseli, na nimeunakili kama ulivyo: Kina, mita 7 hadi 28. Jiwe, ulimi wa lava uliogawanyika mara mbili, handaki katikati, dari chini, usijaze jaketi. Maji matamu upande wa kushoto wakati wa kupwa. Matumbawe machanga, usiguse. Ameshukuriwa aliyetuonyesha, na jina lake kamili limeandikwa chini.